Marehemu Alikuja Mkutanoni

Marlene Kubicek anaendesha gazeti la mji wetu hapa Nebraska, na kila Alhamisi hulipeleka posta mwenyewe, akiendesha pikapu lake kwa fujo. Hana unyenyekevu wala hautafuti. Mimi nampenda hivyohivyo.

Mwaka huu madiwani wa kaunti walitaka kuamua matangazo ya kisheria yatolewe wapi: kwenye gazeti lake au kwenye ukurasa wa mtandaoni wa Lyle Drahota. Bila malipo ya matangazo hayo gazeti lingekufa, na kila mtu aliyekuja ukumbini kwenye mkutano wao alilijua hilo.

"Mimi pia ni chombo cha habari," Lyle alisema. "Nina wasomaji wengi kuliko yeye. Habari yangu inafika dakika hiyohiyo. Bi Marlene mpaka Alhamisi!"

Nyuma akasimama mzee Emmett Svoboda, kofia yenye nembo ya kampuni ya mbegu za mahindi mkononi. "Mimi ndiye marehemu," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Wiki iliyotangulia Lyle alitangaza kwenye ukurasa wake kifo cha mzee huyo, ilhali Emmett alikuwa kwangu mgahawani akila pai ya cheri.

"Nilifuta, mzee!" Lyle akalalamika.

"Ulifuta kwako. Mke wangu bado analetewa mabakuli ya tambi ya rambirambi. Friji imejaa, mwanangu!"

Marlene hakucheka. "Hata mimi nimemkosea Emmett," akasema. "Chini ya picha ya maonyesho ya ng'ombe niliandika kwamba mke wa jirani ndiye mke wake."

"Nikalala kochini!" Emmett akadakia.

"Na wiki iliyofuata nikachapa kosa langu ukurasa wa mbele, na jina langu chini yake. Nakala ziko maktaba, kaangalieni. Chombo cha habari ni hicho, waheshimiwa. Umati hata sarakasi inao."

Madiwani wawili wakampa Marlene kura, mmoja akakataa.

Kesho yake Lyle alimfuata Marlene mgahawani kwangu, uso umemshuka. "Bi Marlene, umeshinda. Ile ya marehemu usiiandike, basi. Mama yangu analisoma gazeti lako."

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Marlene akamsogezea kahawa.

"Kunywa, Lyle. Nitaandika na hoja zako zote, tena kabla ya zangu. Lakini hiyo ya marehemu siifuti. Nikiifuta kama ulivyofuta wewe, kesho kaunti ikupe wewe matangazo, na watakuwa hawajakosea."