Pua ya Fundi wa Turbo

Fundi wetu wa turbo haulizi umeweka mafuta gani, maana wote tunamdanganya. Hufungua tangi, hunusa, hupiga miayo. Dirishani amepanga pistoni zilizoyeyuka, zote za wajuaji. Mimi, niliye mjuzi kuwapita wote, nilimwambia, "Ongeza presha ya turbo. Nimeweka petroli kali, ya bei mbaya."

Alinusa. "Mjomba, hii ni ya kawaida. Nikiongeza, pistoni yako itahamia dirishani."

"Pua yako imezeeka, mwanangu."

Akashusha pumzi, akainama kwa kuegemea goti, akakaza skrubu ya presha. Nilipoingia garini, kioo cha pembeni kilinionyesha ule mkono uliochoka ukiilegeza tena, taratibu, kama unamfunika mtoto shuka. Nikawasha injini, nikaondoka. Mtaani nimewaambia gari sasa linapaa.