Jina la Wachoma Mkaa

Harufu ya mkaa hunirudisha Laurel, Marekani, kwenye roshani ya nyumba yetu ya kupanga, baridi imekaza, baba amechutama mbele ya jiko alilokatazwa kuliwasha. Usiku alilinda majengo ya kompyuta kule Sterling. Mchana, badala ya kulala, alichoma mahindi akisimulia jina letu. Koehler. Sisi tulitamka Kela. Babu yake alizaliwa Lushoto na Mjerumani mwenye shamba la kahawa, aliyeondoka wakati wa vita akaacha mtoto na jina. "Damu nzito kuliko maji," baba alisema. "Huku hatukosi watu wetu." Mama alimtania: "Hao watu wako watakujua kwa pua au kwa rangi?" Baba hakuwa na utani. Aliogopa kufa ugenini akazikwa bila ndugu wa kumlilia, na hofu hiyo ilikula nasi mezani kila siku.

Majira yale ya baridi, gazeti la mtaa lilitangaza kifo cha mzee mmoja wa Beltsville, jina la ukoo sawa na letu. Baba akavaa suti. "Msiba haungoji mwaliko," akasema, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, mama akapika pilau sufuria nzima. Nilikuwa na miaka kumi. Niliipakata garini, imefungwa kwa kanga, ikiniunguza mapaja. Mlango ulifunguliwa na mtoto wa marehemu, mwanamume wa makamo. Akatutazama, akaitazama sufuria, akatoa pochi na kuuliza ni kiasi gani. Baba hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alisema polepole kwa Kiingereza chake cha Tanga, "Sisi pia ni Koehler. Tumekuja kulia na nyinyi." Yule bwana, pochi bado wazi, akamwita mama yake.

Mjane alitukaribisha sebuleni. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. Akaeleza kwamba jina hilo asili yake ni kazi: zamani, kila msitu wa Ujerumani ulikuwa na wachoma mkaa wake, nao wakaitwa hivyo. Ndiyo maana wamejaa kule, wamejaa Pennsylvania, na wengi wao si ndugu hata kidogo. Baba akawa anaitikia kwa kichwa tu. Tulikunywa kahawa, tukaaga. Garini akasema, "Basi hata Handeni kwa wachoma mkaa kumejaa akina Koehler," akacheka peke yake. Tangu siku ile hakulitaja tena jina, wala jiko hakuliwasha.

Baba amefariki mwaka huu. Mama alishatangulia, na mimi sikumwambia mtu. Majirani nawajua kwa magari yao tu. Siku ya pili mlango ukagongwa. Alikuwa Mkongomani wa ghorofa ya chini, hatujawahi hata kusalimiana, ameshika sufuria ya wali imefunikwa kitenge. Nikadhani anauza chakula mlango kwa mlango. Nikachukua pochi, nikamuuliza kwa Kiingereza ni kiasi gani.

"Hapana, dada," akanijibu. "Tulisikia kilio kule chini, tukajua muko na matanga."

Zamani sisi ndio tuliosimama nje na sufuria. Sasa nilikuwa nimesimama ndani, pochi mkononi, na baba hayupo nimwombe radhi.