Yaya na Viini Viwili

Mwalimu mwenzangu kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mama wa Kikongo, aliniita yaya. Kwao yaya ni kaka mkubwa. Kwetu ni mlezi wa watoto. Wanafunzi walivunjika mbavu kila alipolitamka. Mwanzoni nilinuna, kisha nikalizoea, mwishowe nikalipenda.

Tulitunza kompyuta moja iliyobeba masomo ya darasa zima kwa umeme wa sola. Prosesa yake ina viini vinne vinavyogawana kazi. Kwa sababu ya joto na betri nilikuwa nimevipunguzia vyote kasi, na kila adhuhuri, darasa likienda kula, nilizima viwili. Saa nane naviwasha. Nilijivunia mpango huo kupita kiasi.

Alasiri moja, katikati ya mtihani wa majaribio, feni ikaanza kunguruma. Kuangalia, viini viwili vinakimbia kwa kasi ya juu kabisa. Kabla sijagusa kitu, kompyuta ikazimika na insha zote zikapotea. Ufunguo wa pili wa chumba cha kompyuta alikuwa nao mama yule, na hasira zangu haziko mbali. Nikamwuliza mbele ya wanafunzi nani alimtuma achezee mipangilio yangu.

"Sikuigusaka, yaya," alisema. "Mungu anaona."

"Basi imejigusa yenyewe?"

Aliweka ufunguo mezani, akaondoka. Wiki nzima hakuja.

Ijumaa niliibeba kompyuta hadi nyumbani Kanamkemer, hapa Lodwar. Nikajifungia peke yangu, nikazima viini viwili, nikaviwasha. Vikarudi na kasi ya juu ya kiwandani, vimesahau kila nilichoviagiza. Nikarudia mara tatu. Siku zote ilikuwa hivyo, ila kazi ilikuwa nyepesi. Mtihani ndio ulioniumbua. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Nikaiandikia kompyuta maagizo mafupi: kiini kikizimwa, kasi yake ihifadhiwe, kikirudi, kirudishiwe ileile. Jumatatu nikaenda kwake kambini, nikakiri kosa na kumrudishia ufunguo. Aliupokea. Kesho yake nikaomba radhi tena, mbele ya wanafunzi walewale.

Saa nane nikawasha viini. Vilirudi taratibu, kama nilivyoviacha, feni kimya.

"Iko tayari," nikamwambia, nikasubiri lile yaya lake.

"Aksanti, bwana," akajibu, akaligeukia darasa.

Hakuna mwanafunzi aliyecheka.