Ndoo za Nyuma

Nerida Tuckwell hajui kutulia. Tangu wauze shamba lao la kondoo, yeye na mumewe Clive wanaizunguka Australia wakikokota karavani, nyumba ndogo ya magurudumu, nyuma ya gari, na kila wanapopiga kambi, kesho yake alfajiri yeye keshavaa viatu.

Siku moja walikuwa Nullarbor, tambarare isiyo na mti, kwenye njia nyoofu.

"Kanyaga mafuta, konokono wewe!" alimwambia Clive. "Tutafika lini kwa mwendo huu?"

Clive akaguna, akaongeza kasi. Mara lori la mabehewa matatu likawapita, upepo wake ukaipiga karavani, nayo ikaanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara zaidi, mpaka gari lenyewe likawa linavutwa huku na huku. Nerida akapiga mayowe. Clive hakugusa breki ya gari. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaunyoosha usukani, akabonyeza kitufe cha breki za karavani peke yake. Mkia ukatulia. Wakasimama kando ya njia.

"Umezeeka, bwana wee!" Nerida alifoka. "Nipe funguo. Kuanzia leo naendesha mimi."

Kuendesha ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo Clive. Alimpa funguo, akageukia dirishani.

Nerida akaenda nyuma, akaingia kwenye karavani kuangalia vilivyovunjika. Chini ya kiti cha mwisho kabisa zilijaa ndoo zake za mawe ya rangi, aliyookota kila walipolala. Kila anayekokota karavani anajua: mzigo mzito hukaa juu ya magurudumu, kamwe si mkiani, maana huko huifanya iyumbe. Yeye mwenyewe ndiye aliyezisukuma huko, apate nafasi ya nyingine.

"Ulijua hizi ndoo ziko huku?" alimuuliza Clive, aliyekuwa amemfuata mlangoni.

"Nilijua. Ndiyo maana nilikuwa naenda polepole."

"Sasa mbona hukusema, we mwanamume?"

"Shamba lilipouzwa hukucheka mwaka mzima, bibi. Ulikuja kucheka na jiwe la kwanza. Ningekwambiaje uyatupe? Nilikosea, najua. Ningetuua."

Nerida alishusha ndoo moja, akaimwaga mchangani. Kwenye ya pili mikono ikagoma. Akaketi chini pale pale, akalilia shamba kwa sauti, magari yakipita.

"Chukua funguo zako," alisema baadaye, kamasi zikimtoka. "Na usiwashe gari bado. Tukae hapa kidogo."