Fundi wa fulana aliyemvisha koja mzee aliye hai

Tone la maji linadondoka kutoka vidoleni mwa Dilshobha Nakarmi, linagusa chuma cha moto, linachachatika na kupotea. Anatikisa kichwa. Bado. Anangoja kidogo, anadondosha jingine. Safari hii tone halitulii. Linakimbia juu ya chuma kama ushanga uliokatika uzi.

"Sasa," anasema, na kuvuta fulana nyeupe.

Kipimo cha joto cha mashine yake ya kukandamizia picha kwenye fulana kiliharibika zamani. Anapima kwa maji, kama baba yake alivyopima kwenye karakana ya wahunzi. Ukoo wao ni wa wafua chuma. "Baba alikipiga chuma," anasema, "mimi nakipasha tu."

Chumba chake kiko chini ya nyumba, jirani na uwanja wa wafinyanzi wa Bhaktapur, mji ulio karibu na Kathmandu, na leo kinanuka pamba iliyobabuka. Ni wiki ya Gai Jatra, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu. Keshokutwa kila nyumba iliyofiwa mwaka huu itamtoa mtu wake barabarani: mwanzi mrefu uliovishwa nguo, picha ya marehemu mbele yake, na ndugu nyuma wakigonganisha fimbo na kucheza. Siku hizi wengi wa ndugu hao huvaa fulana zenye uso uleule.

Dilshobha ana umri wa miaka arobaini na sita. Kazi hii hakuitafuta. Miaka minane iliyopita mumewe, Asamaru, alifia kazini katika nchi za Ghuba. Gai Jatra ilipokaribia, Dilshobha alikwenda Kathmandu na picha ya mumewe kwenye kiwanda cha kuchapa fulana. Wakamwambia hawawashi mashine kwa oda iliyo chini ya fulana hamsini.

"Nikawaambia, sisi tunaomlilia tuko wanne. Hao wengine nitawaazima wapi?"

Muuza vifaa vya ofisi mmoja akamwonyesha karatasi ambayo picha yake huhamia kwenye nguo kwa pasi. Akanunua nne. Alichapa, akalaza karatasi kifudifudi juu ya pamba, akakandamiza kwa pasi ya mkaa. Alipobandua, Asamaru alikuwapo, lakini kovu la shavu la kulia lilikuwa limehamia kushoto. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba picha hugeuzwa kwanza kama kwenye kioo.

"Mama mkwe aliitazama sana. Akasema, basi, ndivyo alivyokuwa akijiona mwenyewe aliponyoa. Tukavaa."

Majirani waliziona fulana zile. Mwaka uliofuata wakaanza kubisha hodi: huyu anataka tano, yule mbili, mwingine moja tu ya kuvaa mwenyewe.

Karatasi ya pasi bado anayo, kwa mwenye mfuko mwembamba. Fulana na picha ni rupia mia nne. Inataka nguo nyeupe ya pamba na ubao mgumu chini, kwa sababu blanketi hunywa joto. Haipendi kufuliwa sana. Njia anayoitegemea sasa ni nyingine. Duka moja mjini huchapa picha kwenye plastiki nyembamba inayouzwa kwa mita, imepakwa gundi ya unga, na picha hizo hushika hata kwenye fulana nyeusi. Mita nzima ni mzigo kwa nyumba moja. Kwa hiyo Dilshobha hukusanya picha za nyumba sita au saba, anazipanga kwenye mita moja, na kila nyumba inalipia kipande chake.

"Wanalala ubavu kwa ubavu," anasema huku akikata kwa mkasi. "Mwalimu na mlevi. Huyu na jirani aliyemshtaki kwa ajili ya mpaka wa shamba. Humu hawagombani."

Wiki hii peke yake humwingizia karibu sawa na miezi mitatu ya kawaida. Ndiyo maana kilichotokea mwaka jana kilikaribia kumfungia mlango.

Mzee Jit Bhakta Suwal, mkulima wa mtaa wa pili, alikuwa anatimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba. Mtu akifika hapo, nyumba humfanyia sherehe ya janku: anaketishwa kwenye gari la mbao kama mungu na wajukuu wanamvuta kuzunguka mtaa. Mkwe wake, Sunkesari, aliagiza fulana sita za wajukuu hao. Kwenye mita ya marehemu kulikuwa na nafasi imebaki. Dilshobha, ili kuwapunguzia gharama, akamweka mzee hapo.

Kisha akafanya alichozoea kufanya kila Gai Jatra. Alizikamata picha zote kwenye kompyuta kwa mpigo mmoja, akazizungushia koja la maua ya rangi ya chungwa.

Mtu aliye hai huvikwa koja shingoni. Picha yenye koja ni ya marehemu, na katika mji huu hata mtoto analijua hilo. Dilshobha alikata, akakandamiza, akakunja fulana zote sita bila kushtuka, maana siku hiyo kila uso uliopita mikononi mwake ulikuwa na maua.

Sunkesari alikunjua ya kwanza pale pale mlangoni, mbele ya wateja.

"Dada Dilshobha, umemuua baba mkwe!"

"Nani kafa?"

"Niambie wewe! Jana kala mabakuli mawili ya mtindi, leo umeshamvisha koja!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni alirudisha picha ya mumewe mkobani. Mwingine akasema, bila kumtazama mtu, "Mzee akikohoa tu mwaka huu, tutajua ni mkono wa nani."

Dilshobha anakumbuka: "Watu wananiletea sura ya mtu ambayo hawana nyingine. Wakiuogopa mkono wangu, nimekwisha."

Hakutuma mtu. Alizibeba fulana mwenyewe mpaka nyumbani kwa mzee, Sunkesari akimfuata nyuma kama askari. Mzee alikuwa dirishani akimenya vitunguu saumu. Dilshobha akamweleza jinsi alivyompanga kwenye plastiki moja na marehemu. Mzee aliishika fulana mbali na macho, akaisogeza, akaishika mbali tena.

"Nimependeza," alisema. "Kwenye hiyo plastiki, kando yangu alilala nani?"

"Mzee Tulsi Das, babu. Yule mfinyanzi."

"Tulsi Das!" Mzee alicheka mpaka maganda yakamwagika. "Si nilijua! Tangu utoto hawezi kwenda popote bila kunivuta shati. Mwambie atangulie, mimi nina sherehe."

"Baba, huu si mzaha," Sunkesari alisema. "Wajukuu watakuvuta huku wamekuvaa maiti? Leteni kiberiti, tuzichome."

"Mnichome uso? Hapo ndipo mtakapokuwa mmeniua kweli."

Mzee alizikunja fulana polepole, moja juu ya nyingine, akamtaka mkwe wake aziweke kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. "Siku yangu ikifika, msianze kukimbizana kutafuta picha. Hii ninaipenda. Na wewe, mwanangu," akamgeukia Dilshobha, "una cha kuwavika hawa watoto keshokutwa?"

Duka la mjini lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Dilshobha alirudi akatoa pasi ya mkaa, ubao, na karatasi zilizobaki. Aligeuza picha kwanza. Aliitazama upya kabla ya kuichapa, pembe zote nne, kuhakikisha hakuna hata petali moja. Fulana ya kwanza aliibandua mapema na sikio la mzee likabaki kwenye karatasi. Sita zilizofuata zilitoka safi.

Siku ya janku mzee alipita juu ya gari lake, makoja ya kweli yamemjaa shingoni. Mbele ya mlango wa Dilshobha aliwasimamisha wajukuu, akapaza sauti: "Fundi wangu ni huyu! Kanifanyia kazi ya leo na ya baadaye!" Kesho yake yule mwanamke wa foleni alirudi na picha ya mumewe.

Tangu hapo, kila mteja Dilshobha humuuliza swali moja kabla ya kugusa kompyuta: "Yupo?" Walio hai huwapangia plastiki yao, hata kama mita haijajaa. Anaweka akiba anunue mashine ya pili ya kukandamiza, iwe ya janku, harusi na siku za kuzaliwa tu.

Leo, akiwa anabandua fulana ya mwisho, fimbo inagonga kizingiti. Ni mzee Jit Bhakta, mwamvuli kwapani.

"Nimo kwenye orodha mwaka huu?"

"Hapana babu, humo. Nenda zako, nina kazi."

"Na zile zangu sita? Sunkesari anasema kasikia panya sandukuni."

Mzee anaondoka akicheka. Dilshobha anamsindikiza kwa macho mpaka anapopinda kwenye kona ya wafinyanzi, kisha anachovya vidole kwenye maji.

"Kazi zangu zote huziombea zidumu," anasema. "Zile sita tu ndizo ninazoombea panya wazimalize."