Okidi ya Bihambwe Kwenye Kijito cha Kibua

Nilipoolewa Kibua, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, niliteremka kutoka Bihambwe nimebeba mwenyewe kipande cha gome chenye okidi, ua la milima yetu. Mizigo mingine niliwaachia shemeji zangu. Mama alinionya kwamba joto la msituni litaliua. Nikamjibu kwamba kama mimi nitaishi huko, na lenyewe litaishi.

Sikuwa na wasiwasi, kwa maana nililijua ua lile. Halitaki udongo, ukilifukia umeliua. Linataka ubaridi, hewa inayopita, na ukungu. Kibua hakukuwa na ukungu kama wetu, basi nikautafuta: nililifunga kwenye mti ulioinamia kijito, pale maji yanapoangukia mawe na kurusha vitone. Kila jioni nililinyunyizia. Wanawake waliokuja kuteka maji walinitania eti nina mume wa pili kijitoni. Niliwaacha wacheke. Ua lilikuwa linatoa jani jipya.

Siku moja nilipotoka shambani, sikulikuta kijitoni. Nililikuta nyumbani, kwenye uchanja juu ya moto, kati ya mbegu za mahindi na nyama iliyokaushwa. Majani yalikuwa yamekunjamana. Nilipandwa na hasira hata nikashindwa kumsalimu mama mkwe.

"Mama, umeipika maua yangu?"

"Siafu iliipanda," akasema taratibu. "Hapa kwetu, kitu tunataka ikawie, tunaiweka ku moshi."

Nilikata yaliyokauka, nikabaki na shina moja bichi, nikalirudisha kijitoni. Nilijua litapona, na likapona, ila mama mkwe nilimnunia muda mrefu.

Mimba ilipokuwa kubwa, niliaga ili nikajifungulie kwa mama yangu. Mama mkwe aliinama akichochea moto ambao tayari ulikuwa unawaka vizuri.

"Enda. Lakini ile maua uiache hapa."

"Juu ya nini, Mama?"

"Bibi wa kwanza ya mutoto wangu, bwana yako, alienda kuzalia kwao. Alibeba vitu vyake vyote. Hakurudia."

Hasira yote iliniisha palepale. Nilimshika mkono, tukaenda kijitoni, nikamwonyesha namna ya kulinyunyizia.

Niliporudi na mtoto mgongoni, nilipitia kijitoni kwanza. Mama mkwe alikuwa amesimama majini, nguo imelowa hadi magotini, akinyunyizia maua meupe yaliyofunguka. Aligeuka. Alinitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akanyoosha mikono kumpokea mjukuu wake.