Rula ya Karani wa Mikataba

Karani wa mikataba husoma kwa rula. Huiweka chini ya mstari, midomo ikicheza bila sauti, kisha huisogeza kidogo, na hata paa lishike moto haruki neno. Mkurugenzi wake, kijana wa haraka haraka, humwita Kobe, ila kwa sauti ya chini. Siku ya kusaini mkataba wa mitambo ya umeme, wageni wa taifa kubwa walikuwa wameshatoa kalamu, naye karani bado yuko ukurasa wa tisini na nne. "Mama, ndege inawangoja," mkurugenzi alinong'ona, jasho likimtiririka. "Ingoje, mwanangu. Mitambo hii tutakaa nayo miaka thelathini."

Rula ikasogea, ikasimama. Kulikuwa na kifungu cha herufi ndogo kama sisimizi: nchi isinunue hata waya kwa wapinzani wa wageni hawa. Karani akawageuzia karatasi. Kiongozi wao akatabasamu, akasema kupitia mkalimani, "Hao wapinzani wetu nao huandika hivyo hivyo." "Najua," karani akajibu. "Juzi walikaa kwenye viti hivyo hivyo, na kifungu chao tulikifuta." Akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya kifungu hiki, akamsogezea mgeni karatasi atie saini pembeni. Mkurugenzi alibana pumzi mpaka aliposikia kalamu ikikwaruza. "Mama," alisema, "nikuletee chai?" "Lete, na wageni pia," alisema karani, akilowesha kidole kufungua ukurasa wa tisini na tano.